Kabla hujanunua betri nyingine, pima waya: somo la Ohm tangu mwaka 1827

Nikitembelea vijijini nakuta mara nyingi taa ya sola iliyo karibu na betri inawaka vizuri, lakini ile ya banda la kuku kule nyuma imefifia. Mwenye nyumba anaambiwa betri imekufa, anunue nyingine. Kabla hujatoa fedha yako, soma habari za mwalimu mmoja wa Ujerumani aliyefumbua fumbo hili karibu miaka 200 iliyopita.

Betri ya kwanza ilitangazwa mwaka 1800 na Mwitaliano Alessandro Volta. Alipanga sahani za zinki na za fedha, katikati akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Watu wakapata umeme unaotiririka, lakini hapakuwa na kanuni ya kukuambia ni kiasi gani kitapita kwenye waya fulani.

Kanuni hiyo aliitafuta Georg Simon Ohm, aliyezaliwa Erlangen mwaka 1789, mtoto wa fundi makufuli. Akifundisha shule mjini Cologne, alichukua nyaya za urefu tofauti, akaunganisha mmoja mmoja na kutazama umeme unavyogeuza sindano ya sumaku. Betri za wakati huo zilimsumbua, nguvu ikishuka katikati ya vipimo. Akashauriwa aunganishe bismuthi na shaba, ungio moja likae kwenye maji yanayochemka na jingine kwenye barafu. Hapo akapata umeme usioyumba. Jibu likawa wazi: waya ukirefuka, mkondo hupungua, waya ukinenepa, mkondo huongezeka.

Mwaka 1827 alitoa kitabu. Wengi wa nchini kwake walikipokea kwa ubaridi, naye akajiuzulu kazi ya Cologne. Heshima ilimfikia mwaka 1841, Royal Society ya London ilipomtunuku nishani ya Copley. Leo kipimo cha ukinzani kinaitwa omu kwa jina lake.

Ili uelewe, fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Volti ni msukumo wa maji kutoka tangini. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Omu ni kiasi ambacho mpira unayazuia. Kanuni ni hii: volti = ampea × omu.

Sasa tupige hesabu ya dukani kwako. Una friji ndogo ya sola ya volti 12, wati 60. Gawanya 60 kwa 12, unapata ampea 5. Betri iko mita 20 kutoka dukani. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 40. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una takriban omu 0.012 kwa kila mita, jumla omu 0.48. Zidisha kwa ampea 5: volti 2.4 zimepotea njiani! Friji inabaki na volti 9.6, na nyingine hujizima zenyewe hapo. Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba, unapoteza takriban volti 0.9 tu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Washa kifaa, kisha pima volti kwenye betri na kwenye kifaa chenyewe. Betri ikiwa sawa na mwisho wa waya volti zimeshuka sana, mwizi ni waya au maungio.
2. Safisha kutu na kaza maungio. Ungio lililolegea hupata moto na linaweza kuunguza banda.
3. Weka betri karibu na kifaa kinachokula umeme mwingi.
4. Kama umbali haupungui, nunua waya mnene zaidi, na usisahau fyuzi karibu na betri.

Betri nyingi zimetupwa zikiwa bado nzima. Anza na waya. Tukutane somo lijalo.