Levistiko

Levistiko (Levisticum officinale) ni mmea wa kiungo wa familia ya Apiaceae, ndugu wa giligilani na karoti. Majani yake hunukia kama selari lakini kwa ukali zaidi, hata machache hutosha sufuria nzima ya supu. Nchini Romania hutiwa katika supu chachu iitwayo ciorbă. Bustani za Ulaya zinaufahamu tangu zamani: umetajwa katika Capitulare de villis, amri ya enzi za Charlemagne kuhusu mashamba ya kifalme.

Ni mmea wa kudumu. Wakati wa baridi sehemu ya juu hufa, mzizi ukabaki hai. Baridi ikipungua huchipua tena, na ukishakomaa hufikia mita 2. Ndiyo maana hupandwa nyuma ya tuta, usije ukaitia kivuli mimea mifupi. Mche mmoja unatosha nyumba moja. Kupanda mstari mzima ni kupoteza nafasi.

Hupenda udongo wenye kina na mboji, wenye unyevu lakini usiotuamisha maji. Mbegu zikikaa sana hazioti vizuri, kwa hiyo husiwa zikiwa mpya. Njia rahisi zaidi ni kugawa shina kuukuu mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kila kipande kikiwa na mzizi na chipukizi. Vikonyo vya maua, ambayo ni ya manjano, hukatwa mapema ili majani laini yaendelee kutoka.

Utomvu wake ukigusa ngozi kisha ikapigwa na jua, unaweza kuleta vipele. Uvunwe kwa glavu.