Mkandarasi anapokwamisha nyumba ya aliye ughaibuni

Watanzania wengi waishio ng'ambo huanza kujenga nyumbani kabla hawajarejea. Fedha hutumwa kutoka London, Muscat au Houston, na mkandarasi huahidi kwamba nyumba itaezekwa kabla ya masika. Miezi hupita, picha zinazoletwa ni zile zile za msingi, na mwenye jengo huombwa fedha za saruji ambayo amekwisha kuilipia.

Chanzo cha hasara hiyo mara nyingi si umbali peke yake, bali ni malipo kuitangulia kazi. Aliye karibu aweza kupita kiwanjani jioni akahesabu mifuko. Aliye mbali hana nguvu nyingine isipokuwa fedha ambazo bado hajazitoa.

Kabla ya mkataba

Tanzania Bara, makandarasi husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo hupangwa katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu, na madaraja ya chini yamewekewa kikomo cha thamani ya kazi. Mwenye jengo na aulize kwa Bodi yenyewe kama usajili ni hai, asitosheke na nakala ya cheti aliyotumiwa. Nchini Kenya, jukumu hilo ni la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Mkataba uwe wa maandishi, ukiambatanishwa na michoro, mchanganuo wa vifaa na gharama, na tarehe ya kukamilisha kila hatua. Ikiwa mtu mwingine atatia saini kwa niaba ya mwenye jengo, yafaa apewe hati ya uwakili iliyoshuhudiwa kisheria na inayotaja mipaka ya mamlaka yake.

Malipo kwa hatua

Kazi igawanywe: msingi, jamvi, kuta hadi linta, paa, kisha umaliziaji. Kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa, na malipo ya awali yawe madogo. Ni desturi ya mikataba ya ujenzi kuzuia sehemu ya kila malipo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, ili itumike kurekebisha kasoro zitakazojitokeza baada ya jengo kukabidhiwa.

Mkaguzi awe mhandisi au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, anayelipwa na mwenye jengo na asiyependekezwa na mkandarasi. Ndugu anayeaminika afaa kuwa shahidi, lakini kumtwika usimamizi wa kazi asiyoijua ni kumtafutia lawama.

Ukaguzi ufanywe kabla kazi haijafunikwa. Nondo hukaguliwa kabla ya kumwaga zege, kwani baadaye hazionekani tena. Zege nalo huhitaji kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua saba, na kwa kawaida nguvu yake hupimwa likiwa na umri wa siku 28. Mambo hayo hayaonekani katika picha ya simu.

Kazi ikikwama

Hatua ya kwanza ni kusitisha malipo. Ya pili ni kumtuma mkadiriaji apime kazi iliyofanyika na vifaa vilivyopo, aandike taarifa na kupiga picha. Hilo litangulie kabla ya kumwingiza mkandarasi mpya, kwa maana akishaanza kazi itakuwa vigumu kutenganisha kilichofanywa na nani.

Baada ya hapo, mkandarasi apewe notisi ya maandishi yenye siku maalumu za kurejea kazini. Asipotii, malalamiko yapelekwe kwenye Bodi, ambayo inaweza kumchunguza na hata kumfutia usajili. Hata hivyo, Bodi si mahakama. Anayetaka kurudishiwa fedha hana budi kutafuta usuluhishi uliotajwa katika mkataba au kufungua shauri la madai.

Polisi wakipelekewa mgogoro wa namna hiyo, huenda wakaueleza kuwa ni wa madai, isipokuwa kama kuna ushahidi wa udanganyifu au wizi wa vifaa.

Kwa kawaida, muda wa kufungua shauri la mkataba Tanzania Bara ni miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza. Kwa hiyo stakabadhi za benki, ujumbe wa simu na taarifa za mkaguzi zihifadhiwe zote. Anayesubiri hadi likizo ijayo aweza kukuta kiwanja kitupu na mashahidi wamehama.