Suria Katika Nasaba: Mipaka ya Kumbukumbu za Ukombozi Zanzibar

Mtafiti wa nasaba Zanzibar huweza kudhani kwamba jina lisiloonekana katika kumbukumbu za ukombozi ni la mtu aliyezaliwa huru. Insha hii inapinga dhana hiyo. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 haikumwacha huru kila mtumwa papo hapo. Ilimtaka aliyehitaji uhuru auombe mahakamani, na mmiliki alilipwa fidia. Kwa hiyo, kumbukumbu zilizotokana nayo zinawahusu waombaji, si watumwa wote. Masuria walihesabiwa kama wake, na hawakuweza kuomba uhuru isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili, hadi amri ya mwaka 1909.

Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru na kufuata nasaba ya baba. Jina lake, fulani bin fulani, halimtaji mama. Hifadhidata za nasaba mtandaoni huweza kuongeza pengo hilo zinapodai jina la ukoo lisilobadilika, ilhali jina linalofuata “bin” au “binti” hubadilika kila kizazi.

Hivyo basi, mtafiti aanze na masimulizi ya wazee, hususan wanawake, ndipo ayalinganishe na nyaraka. Nafasi ya mama ikikosa ushahidi, isijazwe kwa kukisia. Aidha, kabla ya kuweka matokeo mtandaoni aombe idhini ya familia, kwani asili ya utumwa ingali jambo la maumivu na staha.