Mgongano wa maslahi katika zabuni za serikali (Kenya)

Mgongano wa maslahi ni hali ambapo afisa wa umma anayeshughulikia zabuni, yaani mwaliko wa serikali kwa wafanyabiashara kushindania kandarasi, ana manufaa ya kifedha katika matokeo yake, yawe yake binafsi au ya jamaa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inamzuia kushiriki mchakato huo, na katika kifungu cha 66 jamaa si mke, mume, wazazi na watoto pekee, bali hata ndugu wa mwenzi wa ndoa. Upana huo unafaa, kwani kampuni huweza kusajiliwa kwa jina la shemeji. Kandarasi iliyotolewa kinyume cha kifungu hicho husitishwa, na gharama iliyoipata taasisi hufidiwa na afisa aliyeitoa.