Majimoto: Istilahi ya Chungu wa Nyumba za Majani

Katika elimu ya wadudu, jina Oecophylla longinoda ni la yule chungu mwekundu wa mitini ambaye wenyeji wa Unguja, Pemba na mwambao wa Bara wanamwita majimoto. Jina hilo la kitaalamu limeundwa na watu wawili katika nyakati mbalimbali: Latreille, mwanazuoni wa Kifaransa, alimpa sifa ya longinoda mwaka 1802, na Frederick Smith wa Uingereza akaliunda jina la jenasi, Oecophylla, mwaka 1860. Neno la Smith ni la Kiyunani, nalo limetokana na nyumba na jani; la Latreille ni la Kilatini, na maana yake ni mwenye fundo refu. Basi jina moja limekusanya maskani ya mdudu na umbo lake, na mwenye kutaka kuifahamu istilahi hii hana budi kumtazama kwanza mdudu mwenyewe.

Mwili wa chungu yeyote una kichwa, kifua na tumbo, na baina ya kifua na tumbo pana kiungo chembamba ambacho kwa chungu wengi kimeinuka juu mfano wa nundu. Kwa majimoto kiungo hicho ni kirefu na kimelala chini, nacho ndicho fundo lililotiwa katika jina. Na kwa jinsi kinavyokunjika kwa wepesi, mdudu huyu akighadhibika huweza kulibinua tumbo lake mpaka likasimama juu ya mgongo. Rangi yake aghalabu ni hudhurungi iliyoiva wekundu, pengine ikielekea umanjano, na miguu yake ni mirefu. Hachomi kwa mwiba kama nyuki. Silaha yake ni taya, ambazo akisha kung'ata kwazo huukunja mwili na kulinyunyizia jeraha asidi fomiki, na hapo ndipo aliyeng'atwa huhisi kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Watumishi wa kaumu yake ni wa namna mbili: wakubwa, ambao urefu wao ni kama milimita 8 hadi 10, huwinda, hujenga na kulinda mipaka, na wadogo, wapatao nusu ya urefu huo, aghalabu hukaa ndani kulea watoto.

Ama ujenzi wa nyumba zake ni jambo la ajabu. Watumishi hujipanga ukingoni mwa jani, miguu ikiwa imeshika jani hili na taya zikiwa zimeng'ang'ania la pili, wakavuta kwa pamoja. Na pengo likiwa kubwa kupita kimo cha mmoja, hushikana viunoni, huyu nyuma ya huyu, mpaka mnyororo wa miili yao ukafika ng'ambo. Majani yakisha kukutana, wengine huleta mabuu yaliyokaribia kukomaa, wakayapitisha huku na huko baina ya kingo mbili, nayo yakatoa hariri ya kuzishikiza, hata ikawa buu ndilo sindano na ndilo uzi. Kaumu moja, yenye mama mmoja, huweza kuwa na nyumba nyingi zilizotapakaa katika miti kadha wa kadha, na idadi ya wakazi wake ikafika mamia ya maelfu. Kwa ajili hiyo majimoto hupenda miti isiyopukutisha majani, ambayo majani yake hukunjika bila ya kuvunjika na matawi yake hugusana, kama mkarafuu, mchungwa na mwembe.

Mdudu huyu hapatikani visiwani peke yake, kwani ameenea mpaka Afrika Magharibi. Walakini ni Unguja alipochunguzwa kwa makini na M. J. Way, aliyezitangaza habari zake mwaka 1953 na 1954. Ilidhihirika kwamba vidaka na vitale vya minazi vilikuwa vikianguka kabla ya wakati kwa kufyonzwa na mdudu mmoja ambaye baadaye aliitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way huyo, na kwamba mnazi uliokaliwa na majimoto ulisalimika, kwa kuwa humwinda mdudu huyo na kumfukuza. Mchumaji wa karafuu humlaani majimoto kwa kumng'ata, naye ana haki. Tena katika mkarafuu majimoto huwahifadhi vidudu vya magamba vifyonzavyo utomvu, kwa tamaa ya majimaji matamu wanayoyatoa. Lakini mwenye minazi amepata mlinzi asiyelipwa ujira. Hasimu wa mlinzi huyo ni chungu mwingine, Pheidole megacephala, mwenye kichwa kikubwa, ambaye hukaa ardhini penye mashina ya miti, humfukuza majimoto mnazini, na baada ya kumfukuza haulindi mnazi.

Sasa, istilahi hii tuifasiri vipi? Kuyafuata maneno ya Kiyunani na Kilatini moja kwa moja kutatupa jina refu lisilotamkika shambani. Kulifuata jina la Kiingereza kutatupa chungu mfumaji, nalo lina kasoro, maana kufuma ni kupitanisha mtande na mshindio, na mdudu huyu hafumi kitu. Anaunga kingo, yaani anashona. Jina la siafu halimfai, kwani siafu ni wa ardhini na mwenye kuhamahama. Na mchwa si chungu kamwe.

Majimoto, kwa hiyo, ndilo jina la kushikwa, liandikwe neno moja na lipewe upatanisho wa viumbe: majimoto wamemwagika mtini, hali maji moto yamemwagika sakafuni. Panapohitajika kumtenga na nduguye, Oecophylla smaragdina, wasemwe majimoto wa Afrika na majimoto wa Asia; kile kiungo chake kiitwe kifundo; na yule hasimu wake aitwe chungu kichwa-kikubwa. Bwana shamba anayewaandikia wakulima watie dawa kuua chungu, bila ya kusema chungu yupi, huenda akamwangamiza mlinzi na kumwachia shamba mvamizi, na hasara itaonekana chini ya minazi.