Ununuzi na uuzaji wa ardhi Tanzania Bara

Ununuzi na uuzaji wa ardhi Tanzania Bara unaongozwa hasa na Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5), zote za mwaka 1999. Zanzibar ina sheria zake.

Kisheria ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo kinachouzwa ni haki ya kuitumia, pamoja na nyumba au mazao yaliyopo juu yake. Hati ya kumiliki hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Vijijini iko hati ya hakimiliki ya kimila. Asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa.

Utaratibu

Mkataba wa mauzo ni lazima uwe wa maandishi. Wengi huishia hapo: husaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hulipa fedha zote na kufungia karatasi sandukuni. Lakini kwa ardhi iliyosajiliwa, umiliki hauhami mpaka uhamisho uandikishwe na Msajili wa Hati. Kabla ya hapo jina lililomo daftarini ni la muuzaji, naye akiwa mdanganyifu anaweza kumuuzia mwingine au kuweka kiwanja rehani benki. Ndiyo maana mnunuzi hushauriwa kufanya upekuzi rasmi kwa Msajili kabla ya kutoa fedha, ili ajue mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio.

Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sharti hili limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na mauzo mengi hukwama mahakamani kwa kulipuuza.

Kodi

Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa kawaida ni kodi ya faida na si ya bei yote: asilimia 10 kwa mkazi, na zaidi ya hapo kwa asiye mkazi. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi husamehewa ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Bila cheti cha Mamlaka ya Mapato, Msajili haandikishi uhamisho. Ushuru wa stempu, kwa kawaida asilimia 1 ya thamani, hulipwa na mnunuzi. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi nayo yapaswa kumalizwa kwanza.