Mtihani wa Udaktari Marekani na Twisheni Zake

Mtihani wa kujiunga na vyuo vya tiba vya Marekani, unaojulikana kwa kifupi cha MCAT, ulianza mwaka 1928 kwa sababu vyuo vilikuwa vikipokea wanafunzi ambao havikuweza kuwafikisha mwisho. Katika miaka ya 1920 vipo vyuo vilivyopoteza mwanafunzi 1 kati ya 20 kabla ya kuhitimu, na vipo vilivyopoteza nusu ya darasa. Kila aliyeishia njiani aliacha nyuma yake kiti kitupu ambacho mwingine alikuwa amekikosa.

Viti hivyo vilikuwa vimepungua kwa makusudi. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti juu ya vyuo 155 vya tiba vya Marekani na Kanada, kazi aliyoifanya kwa niaba ya Wakfu wa Carnegie. Vingi alivikuta ni biashara za madaktari wachache: ada ikilipwa mwanafunzi anapokelewa, maabara iwepo isiwepo. Ripoti iliharakisha kufungwa kwa vyuo dhaifu. Iliacha pia majeraha, kwani kati ya vyuo 7 vilivyofundisha Wamarekani weusi, Flexner alipendekeza viwili tu viendelee, Howard na Meharry. Vyuo vilivyosalia vilianza kudai kwamba mwombaji awe amekwisha kusoma chuo kikuu. Hapo ndipo mfumo wa Marekani unapoachana na wa Tanzania, ambako mhitimu wa kidato cha sita mwenye tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) huingia udaktari kwa matokeo ya mtihani mmoja wa taifa. Waombaji wa Marekani walitoka katika mamia ya vyuo vikuu, kila kimoja na usahihishaji wake, na alama ya juu ya chuo kimoja haikulingana na ya kingine. Ilihitajika mizani moja.

Kipimo cha Moss

Mizani hiyo ilitengenezwa na mwanasaikolojia F. A. Moss wa Chuo Kikuu cha George Washington, pamoja na wenzake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani lilikuwa limewapima askari zaidi ya milioni 1.7 kwa vipimo vya akili vilivyofanywa na watu wengi kwa mpigo, na wanasaikolojia wakatoka vitani na imani kwamba uwezo wa mtu unaweza kusomwa kwenye karatasi. Moss aliita mtihani wake kipimo cha kipawa kwa wanafunzi wa tiba. Maswali yalikuwa ya kweli au si kweli na ya kuchagua jibu, yakiwa yamegawanywa katika sehemu 6 hadi 8: kumbukumbu ya macho, kumbukumbu ya yaliyosomwa, msamiati wa sayansi, fasili za kisayansi, kuelewa maandishi, maarifa ya masomo ya awali ya tiba, na kufikiri kwa mantiki.

Neno kipawa lilibeba dai zito. Kipawa mtu huzaliwa nacho. Kama ndicho kinachopimwa, hakuna haja ya kukisomea. Lakini orodha ya sehemu zenyewe ilipinga dai hilo, kwa kuwa hakuna anayezaliwa akijua msamiati wa sayansi. Aliyefundishwa vizuri na aliyepata muda wa kusoma alikuwa na faida tangu mtihani wa kwanza. Mgongano huo haukuwahi kwisha, na ndani yake ilikulia biashara nzima.

Kwa vyuo, mtihani ulionekana kufanya kazi yake. Kiwango cha wanaoacha masomo, kilichokuwa karibu asilimia 20 nchini kote mwishoni mwa miaka ya 1920, kilishuka hadi asilimia 7 kufikia mwaka 1946, ingawa katika kipindi hichohicho vyuo vilikuwa vimekaza masharti mengine pia. Mwaka huo mtihani wa Moss uliwekwa kando. Uliochukua nafasi yake, ambao kuanzia mwaka 1948 uliitwa MCAT, ulikuwa na sehemu 4: lugha, hesabu, sayansi na uelewa wa jamii ya kisasa. Mwaka 1962 sehemu ya jamii ilibadilishwa kuwa ya maarifa ya jumla.

Chumba cha chini cha Brooklyn

Mwaka 1938, katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake huko Brooklyn, New York, kijana Stanley Kaplan alianza kufundisha wanafunzi wa mtaani kwa malipo. Mwenyewe alikuwa bado anasoma City College, chuo cha umma cha watoto wa wahamiaji, na alitaka kuwa daktari. Alituma maombi katika vyuo vitano vya tiba na vyote vikamkataa. Alikuwa Myahudi, wakati vyuo vingi vya tiba viliwawekea Wayahudi kikomo kisichotangazwa, na alitoka katika chuo kisicho na jina kubwa. Hitimisho alilolipata Kaplan kutokana na kukataliwa huko ni kwamba mtihani wa pamoja, usiojua jina la mtahiniwa wala la chuo chake, ni rafiki wa mtu kama yeye. Mtihani wa namna hiyo ndio alioufanya kazi yake ya maisha.

Mwaka 1946 alianza kufundishia SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu, na baadaye MCAT na mitihani mingine ikafuata. Watunzi wa SAT walishikilia kwamba mtihani wao haufundishiki. Kaplan hakubishana nao, alikusanya maswali. Baada ya kila mtihani aliwaandalia wanafunzi wake sherehe ya piza, na walipokuwa wakila na kuulizana nani alijibu nini, yeye na wasaidizi wake walitega sikio na kuandika. Maswali yaliyokumbukwa mezani yalimwonyesha mitindo ya watunzi, na mitindo hiyo ndiyo aliyoifundisha darasa lililofuata. Twisheni yake ilisimama juu ya jambo ambalo kila mwalimu analijua: anayelijua umbo la swali hapotezi muda kulifahamu, na muda anaouokoa anautumia kulijibu.

Mwaka 1979 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilitoa uchunguzi wake kuhusu twisheni za aina hiyo. Ilikuta kwamba baadhi ya wanafunzi wa SAT walipanda kwa takriban alama 25 katika lugha na 25 katika hesabu, kwenye kipimo cha alama 200 hadi 800 kwa kila somo. Halikuwa ongezeko kubwa, lakini lilitosha kuvunja dai kwamba mtihani haufundishiki. Kaplan aliliuzia shirika la gazeti la Washington Post kampuni yake mwaka 1984. Kuhusu mitihani ya tiba, ushahidi ulibaki hafifu: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 yalikuta kwamba tafiti zilizofanywa vizuri ni chache, na kwamba faida iliyothibitishwa ya kozi za kulipia ni ndogo.

Maswali chini ya kufuli

Mwaka huohuo wa 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye mitihani watoe hadharani maswali na majibu baada ya kusahihisha. Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani, AAMC, ambayo ndiyo yenye MCAT, ilikwenda mahakamani ikidai kwamba maswali ni mali yake na kwamba yakitolewa hayatatumika tena. Mwaka 1980 mahakama ya shirikisho iliizuia sheria hiyo isitumike kwa MCAT wakati kesi ikiendelea. Kwa hiyo mtahiniwa wa MCAT hakuwa na pepa za miaka iliyopita za kununua mtaani kama mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Alichokuwa nacho ni maswali ya kuigiza yaliyotungwa na makampuni, na machache ambayo AAMC yenyewe iliamua kuyatoa. Kadiri maswali halisi yalivyofichwa, ndivyo thamani ya anayeweza kuyaigiza ilivyopanda.

Watunzi nao hawakukaa. Mwaka 1977 MCAT iligawanywa katika sehemu 6, zikiwemo biolojia, kemia na fizikia, kila moja ikitolewa alama 1 hadi 15. Mwaka 1991 ziliunganishwa kuwa sayansi ya maumbile, sayansi ya viumbe na kufikiri kwa lugha, na ikaongezwa insha. Lengo lilikuwa waombaji waache kusoma sayansi peke yake. Insha iliondolewa mwaka 2013. Mwaka 2015 ziliingizwa saikolojia, sosholojia na baiokemia. Kila badiliko lilizeesha vitabu vya maandalizi na kuzaa vingine.

Muda wenyewe ulibadilika. Hadi mwaka 2006 mtihani ulifanyika kwa karatasi mara mbili tu kwa mwaka, Aprili na Agosti, na siku ya mtihani ilichukua karibu saa 8. Aliyefanya vibaya mwezi wa Agosti alingoja hadi Aprili. Mwaka 2007 ulihamia kwenye kompyuta, tarehe zikawa zaidi ya 20 kwa mwaka, na mtahiniwa akaweza kuchagua siku kulingana na kazi yake au likizo yake. Uhuru huo una mipaka: hairuhusiwi kufanya zaidi ya mara 3 kwa mwaka, mara 4 kwa miaka miwili, na mara 7 maishani.

Namna ya kutumia saa chache

Wakati twisheni ikikua, maabara za saikolojia zilikuwa na majibu kuhusu namna ya kukumbuka ambayo yalichelewa kufika darasani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba marudio 38 yaliyosambazwa kwa siku tatu yalifanya kazi sawa na marudio 68 ya siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza sanduku la kadi lenye vyumba: kadi iliyojibiwa sawasawa husogezwa chumba cha mbele na kuonekana kwa nadra, iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza. Mwaka 2006 Damien Elmes, Mwaustralia aliyekuwa akijifunza Kijapani, alitoa Anki, programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwa kompyuta, na wanafunzi wa tiba wakawa miongoni mwa watumiaji wake wakubwa.

Mwaka huohuo Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lililowapima wanafunzi kwa namna mbili. Kundi moja lilisoma matini mara nne. Jingine lilisoma mara moja kisha likajaribu mara tatu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Kwa mtahiniwa mwenye saa chache maana yake ni kwamba saa ya kujipima huzidi saa ya kusoma upya, ingawa anayesoma upya hujiona ameelewa zaidi.

Mtihani wa sasa unatoza kila dakika. Una maswali 230 katika sehemu 4, na alama zote pamoja huanzia 472 hadi 528, katikati ikiwa 500. Sehemu za sayansi zina maswali 59 kila moja kwa dakika 95, yaani sekunde 97 kwa swali, bila kikokotoo. Hesabu hufanywa kwa mkono kwenye kibao cha kufutika. Sehemu ya ufahamu ina vifungu 9 kwa dakika 90. Ndiyo maana mwenye muda mfupi hushauriwa aanze na mtihani kamili wa mazoezi ili ajue udhaifu wake, aelekeze saa zake huko, kisha achambue kila kosa na kujua kama lilitokana na kutojua, kutosoma swali vizuri, au kuishiwa muda.

Pengo la uwezo wa kifedha limejaribiwa kuzibwa. AAMC hupunguza ada kwa wenye kipato kidogo, na kabla ya mtihani mpya wa 2015 ilishirikiana na Khan Academy kuweka mtandaoni masomo ya video yasiyolipiwa. Lakini hakuna mpango unaoweza kumgawia saa mtu anayefanya kazi mchana na kulea watoto usiku. AAMC yenyewe leo hutoa mitihani kamili ya mazoezi, mingine bure na mingine ya kuuza. Kipimo kilichozaliwa kwa jina la kipawa sasa huandaliwa mazoezi na watunzi wake.